Fundi Ale Kwake

Doha,
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kwako mke wangu Rehema, Mama Jilo,

Nakusalimu kwa moyo mweupe, ingawa ukiendelea kusoma utayaona madoa yake. U hali gani? Magoti ya Mama yanasemaje msimu huu, na ile dawa ya kuchua niliyomtumia ameitumia mwenyewe au amewagawia majirani kama kawaida yake? Jilo ameacha kwenda kuogelea mtoni na wenziwe? Mwambie mamba hamuulizi mtoto jina la babake. Na Nuru, meno ya mbele yameota? Mpunga wa bondeni mmeshaupalilia, au ndege wamewashinda?

Mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika. Kazi ni ileile ya ghala la vifaa vya ujenzi, kupakia na kupakua maboksi ya vigae tangu asubuhi mpaka jua lichwe. Joto la huku usilifananishe na la Garsen. Garsen mtu akitafuta kivuli anapoa. Huku kivuli chenyewe kimechemka. Chumbani tuko sita, anayekoroma ni mmoja, lakini anatutosha sote.

Barua hii anaileta Katana, yule mwenzangu wa Kilifi ninayekaa naye chumbani, anakuja likizo. Nimeamua kuandika kwa sababu simu inatugombanisha. Nikipandisha sauti unasema mtandao mbaya, halafu unakata. Karatasi haikatiki. Kwa hivyo keti, isome yote, ukimaliza nitukane.

Naanza na lililonikaa kooni. Nina wivu, Rehema. Nimelisema na halirudi. Namwonea wivu fundi Kazungu, huyu Mgiriama aliyekuja kupanga hapo karibu na shamba letu nikiwa nimeshaondoka, ukampa kazi ya kuirekebisha nyumba yangu. Sijawahi kumwona kwa macho. Namjua kwa kikohozi.

Unaikumbuka ile sauti uliyonitumia, ya bajeti ya nyumba? Niliisikiliza wakati wa chai, nimekaa juu ya maboksi. Nilitega sikio nisikie sauti ya mke wangu, nikasikia: "Fundi amesema sakafu ipande. Fundi amesema mabati ya zamani tusiyatupe, yatarudi juu. Fundi amesema mchanga tununue saa hii kabla barabara haijaharibika." Fundi amesema, fundi amesema, mpaka nikajiuliza wewe umesema nini. Halafu mtu akakohoa. Kikohozi cha mwanamume, karibu kabisa na simu. Kisha mwenyewe akatia neno lake: "Mama Jilo, usisahau ya dharura. Nyumba nzee hii, ukibandua plasta huwezi kujua utakuta nini. Weka pesa kando, usiziguse."

Nikajiambia, eti uweke pesa kando. Kando ya nani?

Chai ilipoa mkononi. Katana akaniuliza kama nyumbani kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba, kuna fundi.

Na kabla hujanilaumu, kumbuka nilikuwa na bajeti yangu. Niliiandika kwenye mfuniko wa boksi, na niliandika nikiwa na picha ya nyumba ya Buya machoni. Wivu wa Buya nao nilikuwa nao, sikufichi. Buya tulikua naye hapo kijijini kwetu Wema, tulifukuza ndege mpungani pamoja, na shuleni nilikuwa namwonyesha hesabu. Akaenda Saudia, akarudi, akapiga nyumba yake vigae vinavyong'aa, akaweka silingi nyeupe yenye maua, na geti jekundu lenye simba wawili. Simba, Rehema! Mtu hana hata mbuzi. Mkewe kila sikukuu anatuma picha, wamesimama mbele ya lile geti kama wako ubalozini. Nami huku nabeba vigae kila siku ya Mungu, na nyumbani kwangu sakafu ni simiti iliyopasuka. Nikasema na mimi nitaweka geti. Simba watatu.

Nikaandika geti kwanza. Vigae vya sebuleni. Silingi ya maua. Rangi ya kijani nje, krimu ndani. Kilichobaki ndio nikaandika ukarabati. Bei nilizijua, si niko ghalani? Nikakusomea kwa simu, nawe ukanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo lingenitia shaka ningekuwa na akili.

Ukaniuliza: "Umemaliza, Baba Jilo? Sasa hizo ni bei za Doha. Garsen je?"

Nikakwambia uongeze kidogo.

Ukasema: "Kidogo gani? Simiti ikifika Garsen bado haijafika. Lori mpaka hapa Wema ni pesa nyingine, na mvua ikinyesha lori linasimama njiani, tunakodi trekta. Kokoto hatuna, huu ni udongo mweusi mtupu. Vibarua wanataka pesa ya kila jioni. Maji ya kukorogea nani anateka? Umeandika simba, Baba Jilo, maji hukuandika."

Katana alikuwa anasikia, alicheka mpaka akashuka kitandani. Nami nilicheka, lakini ndani niliungua, maana ile hesabu yote ilikuwa na harufu ya Kazungu.

Siku ya pili ukanitumia ya kwako. Geti halimo. Vigae havimo. Silingi ya maua haimo, badala yake "dari ya mbao nzito juu ya chumba cha Mama". Nikajiuliza Mama na mbao nzito wapi na wapi. Na karibu nusu ya pesa yote inaingia ardhini, kujaza mawe na kifusi mpaka sakafu ipande usawa wa kiuno, kuta ziongezwe bloku juu, ndipo mabati yaleyale yarudishwe. Yaani nivunjike mgongo Doha ili ninunue kifusi! Nani atakuja kusimama mbele ya kifusi apige picha? Buya akipita na pikipiki yake ataona nyumba ileile, mabati yaleyale, imesimama juu ya vidole tu.

Halafu nikafika mwisho: "Chakula cha fundi."

Hapo ndipo nilipotibuka. Najua kuna mafundi wa kupewa chakula na mafundi wa kujilisha, na bei zao ni mbalimbali. Wewe ulichagua wa kupewa, ukaniambia hivyo ni rahisi, kwa vile mchele ni wetu na samaki ni wa mto. Nikakuuliza anakula nini. Ukanijibu bila hata kufikiri: "Si wali tu wa nazi na kambare."

Wali tu! Rehema, mimi kambare wako wa nazi namuota. Miaka miwili na zaidi nala dengu na mkate mkavu, nafumba macho najidanganya. Na huyo mtu anakaa kwenye baraza yangu, pengine juu ya kigoda changu kile cha ngozi, analishwa kambare na bado analipwa. Ndio nikakwambia lile neno, fundi ale kwake. Ukasema hana mke hapo. Afadhali usingesema.

Na kulikuwa na jambo la tatu ambalo sikukwambia. Ukipiga simu ya picha ukiwa chumbani, nilikuwa naangalia nyuma yako, pale juu ya kichwa cha kitanda, ilipokuwa picha yetu ya harusi. Msumari ule niliupigilia mwenyewe. Tangu mvua za mwaka jana picha sikuiona tena. Mara ya kwanza nikasema umeitoa kuifuta vumbi. Mara ya pili nikasema kioo kimevunjika. Kazungu alipoanza kukohoa kwenye simu, nikasema ahaa. Mwanamke hawezi kulishana kambare na mtu chini ya picha ya mumewe, kwa hivyo ameitoa. Hivyo ndivyo nilivyokufikiria mke wangu, na naandika ujue.

Asiyekuwepo na lake halipo. Neno hilo lilikaa na mimi ghalani, likakaa na mimi kitandani. Ndiyo sababu Jumapili ile nikakupigia nikafoka, nikasema kazi isimame, Kazungu aondoke, nitamwomba Buya atafute fundi mwingine na geti litawekwa kwanza. Hukusingizia mtandao. Ulisema tu, "Sawa, Baba Jilo, nyumba ni yako," ukakata taratibu. Ungenitukana ningelala vizuri.

Asubuhi yake ikaja ile picha. Hukuandika neno lolote chini yake.

Ni ukuta wa chumba chetu. Kitanda kimetolewa. Plasta ya chini yote imevimba na kubanduka, bloku ziko wazi kama mbavu. Na katikati ya ukuta, toka kona hii mpaka ile, umepita mstari wa tope la hudhurungi, umenyooka kama umepigwa kwa uzi. Nilidhani fundi ameweka alama yake. Nikaikuza ile picha. Nikauona msumari wangu, umeoza kwa kutu. Uko chini ya mstari.

Niliweka boksi chini. Unakijua kimo cha ule msumari, niliupigilia nimesimama wima, uko kifuani pangu. Jilo nilimwacha ananifika kiunoni.

Wakati ule wa mafuriko ya mwaka jana nilikupigia, Rehema. Nilikuuliza. Ukaniambia maji yameingia kidogo, yamelowesha mkeka, mmehamia shuleni siku chache kwa usalama. Nikakuamini, nikakwambia muanike mkeka vizuri. Anikeni mkeka! Kumbe kuta zimekunywa maji mpaka kifuani.

Sikukupigia wewe. Nilimpigia Mama, nikamwambia nimeona picha, anieleze yote. Akasema kwa upole, kama namuuliza la kawaida: "Mwanangu, mtu aliye safarini hapelekewi maji. Ungefanya nini? Ungeruka? Tulikubaliana nyumba nzima, mtu asikwambie mpaka yakauke. Na yalipokauka, mkeo akasema tumeshapona, ya nini kumtia homa mtu wa mbali."

Ndio desturi yetu, naijua, hata mimi nimewahi kuwafichia waliosafiri. Sikujua upande huu wake unauma hivi.

Akaniambia mto uliingia kabla ya alfajiri, kwa nyuma, upande wa migomba. Kwamba wewe ulipandisha meza juu ya kitanda, watoto juu ya meza, na Mama ukampandisha juu ya kabati, yeye na magoti yake. Wewe mwenyewe ulisimama majini umeshika miguu ya meza isielee. Kwamba uliita watu, na kila mwenye mtumbwi alikuwa anaokoa wake. Buya na familia yake, Mungu awape heri, walikuwa wameshapanda barabarani. Geti lao lilizuia takataka zote za kijiji, simba wakavaa magugu.

Nikamuuliza nani aliwatoa. Akacheka, Rehema. Mama yangu akacheka.

"Si yule Mgiriama. Sijaona mtu hajui kupiga kafi kama yule. Alikuwa hata hatumjui vizuri, ameazima mtumbwi wa watu, anauzungusha kama anakoroga uji. Anakuja, anapotea, anakuja tena, anagonga mgomba. Nikasema huyu atatuzamisha. Lakini alikuja. Akawatoa watoto. Mimi akanibeba mgongoni mpaka kwenye mtumbwi, nikamwambia wee kijana nitakuvunja. Akaniambia, Mama, shika shingo, usishike masikio."

Mama akaongeza: "Ana mgongo mzuri yule."

Nilijibu nini? Nilisema ndiyo, Mama. Kisha nikaenda nyuma ya ghala nikalia, na Katana akaja akakaa kando yangu bila kuuliza.

Sasa sikiliza nikwambie ukweli ambao kwenye simu ningeshindwa kuusema. Wivu haukuisha. Ulizidi. Ule wa kwanza ulikuwa wa kipumbavu, wa kambare na kikohozi. Huu wa sasa una haki. Ule mgongo uliombeba Mama ulitakiwa kuwa wangu. Yeye aliyaona yale maji na mimi sikuyaona. Anajua ulivyokuwa umesimama, anajua Nuru alilia au hakulia, na mimi babake inabidi niulize. Fimbo ya mbali haiui nyoka, hilo nililijua. Sikujua kwamba nyoka aliuawa na fimbo ya mtu mwingine na mkanyamaza. Na ndiyo maana "fundi amesema". Anasema kwa sababu alikuwepo. Sakafu ya kiunoni si tamaa yake. Mbao nzito juu ya chumba cha Mama ni za kupandia, sasa nimeelewa, ili siku nyingine asiwekwe juu ya kabati kama sufuria. Hata picha yetu nimejua ilikokwenda. Imekwenda na mto mpaka Kipini, imeingia baharini, samaki wanaitazama suti yangu ya kukodi.

Kwa hivyo nakupa neno langu juu ya bajeti, nawe ulipitishe au ulikatae.

Sakafu ipande kama mlivyopima, wala msipunguze hata jiwe moja ili mnifurahishe. Mchanga na kokoto nunueni sasa, barabara ikiwa kavu, nitakachotuma mwezi huu kiende huko chote. Simiti msinunue yote kwa pamoja, italala na itaganda. Nunueni kadiri kazi inavyokwenda. Zile bloku na mabati ya zamani yanayofaa, yarudi. Pesa ya dharura iwekwe kando, na kando ni kwako, ndani ya kanga yako, hata mimi nikiomba usinipe. Dari ya mbao ijengwe kabla ya rangi. Rangi ikikosekana, ikosekane. Vigae vitangoja. Huku nimeviona vya kutosha, havinitishi tena. Geti lifute. Kama watoto wanataka simba, Jilo achore na makaa.

Chakula cha fundi kibaki. Nimekubali. Lakini na mimi nina masharti, maana sijawa malaika. Asile kambare wa nazi kila siku, siku nyingine ni maharagwe, tena bila nazi. Wakati wa kula Mama akae hapohapo barazani. Najua anampenda, lakini akae. Kigoda changu cha ngozi kama kilinusurika, kiingizwe ndani. Na kwenye sauti utakazonitumia anza wewe: "Nimesema." Fundi afuate.

Kuna jambo moja nakuomba kwa heshima, na hili mwambie Kazungu ni ombi, si amri. Akifika kwenye ukuta wa chumba chetu, apige plasta kote lakini pale penye msumari apaache wazi kwa upana wa mlango. Asiuguse ule mstari. Nitakuja, nitasimama hapo nimeegemea ukuta, Jilo asimame kando yangu, ndipo nijue maji yalinifika wapi. Nikishajua, nitakoroga simiti nipazibe kwa mkono wangu, tupigilie msumari mpya.

Nisalimie Mama, mwambie amenichekesha na ameniliza kwa pumzi moja, na mgongo wangu pia ni mzuri, asisahau aliuzaa yeye. Msalimie shemeji yangu, ndugu yako wa Garsen anayetupokelea mizigo kwenye duka la hadiwea. Ahakikishe mifuko ya simiti haina unyevu. Nisalimie shangazi wa shambani aliyewapa nguo mlipokuwa shuleni, Mama ameniambia hilo nalo. Buya na mkewe wape salamu, wivu wangu kwao umekwisha, uliobaki ni mdogo sana. Wabusu watoto, Nuru kwenye shavu, Jilo kichwani maana atajidai amekua.

Ni mimi mumeo, mwenye wivu na mwenye shukrani,
Baba Jilo

Nimebakiza fundi. Asante yake usimpe wewe, niachie nimpe mwenyewe uso kwa uso. Mwambie tu kwamba mtumbwi hauzungushwi kama uji, anatutia aibu sisi Wapokomo wote wa Wema. Nikija, siku ya kwanza nitamchukua mtoni nimfundishe kupiga kafi, ili nikiwa mbali tena na maji yakaja, asichelewe kukufikia.